Mwaka, Injini na Mshale: Mjadala wa Geji za Hotirodi

Kusini mwa California, kuanzia miaka ya 1930, vijana wenye fedha kidogo na ufundi mwingi walichukua Ford kuukuu, wakazivua madigadi na boneti ili ziwe nyepesi, wakaziongezea kabureta, kisha wakazikimbiza juu ya maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Gari la namna hiyo ndilo hotirodi. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda Southern California Timing Association, chama cha kupima kasi, na Januari 1948 Robert Petersen akatoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Kizazi kile kimekwisha kuwa historia, ila magari ya mtindo wake yanaendelea kuundwa Marekani na Ulaya, mengine kutokana na mabaki halisi, mengine kwa bodi mpya kabisa. Waundaji wakishakubaliana kuhusu chasisi, injini na rangi, bado hugombana juu ya kitu kidogo: geji za dashibodi. Ziwe zipi ili gari liwe kweli la zama linazodai?

Nimezipanga hoja katika sauti tatu, ya Mhifadhi, ya Fundi na ya Mjenzi, na kila moja nimeiachia nguvu yake yote. Msimamo wangu nautanguliza: geji huchaguliwa kwa mwaka na kwa injini, na mshale wake lazima useme kweli. Geji nzuri ya zamani inayoongopa haina haki ya kukaa mbele ya dereva, hata kama kila skrubu yake ni halisi.

Mhifadhi: Gari la 1949 liwe la 1949. Ford ya 1932 ilitoka kiwandani na kibao cha umbo la yai katikati ya dashibodi, na ndani yake mlikuwa na vitu vitatu tu: spidomita, geji ya mafuta na ammita. Aliyetaka zaidi alikwenda kwenye maduka ya vipuri vya mbio akanunua geji za Stewart-Warner za Chicago, uso mweusi, tarakimu nyeupe, kioo kilichobinuka. Mwingine alipata kibao cha dashibodi ya gari la Auburn kwenye skrepa, akakikata kikaenea. Vitu hivyo bado vipo. Vitafutwe, vitengenezwe, vifungwe. Nakala iliyotoka kiwandani mwaka jana ni nakala tu.

Mhifadhi ana haki katika jambo la kwanza, nalo ni kubwa: bila kuchagua mwaka hakuna uaminifu wowote. Kusema kwamba gari ni la kizamani hakumwongozi fundi, kwa kuwa kati ya 1945 na 1965 dashibodi za hotirodi zilibadilika sana. Geji za Green Line za Stewart-Warner ni za miaka ya 1960. Kuzifunga kwenye gari la 1949 ni kulikosesha tarehe yake, ingawa zimetoka kampuni ileile. Takomita (geji ya mizunguko ya injini) kubwa ya kampuni ya Sun, pamoja na kisanduku chake cha umeme, inaeleweka kwenye gari la mbio za robo maili la mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwenye gari la ziwa kavu la 1947 ni mgeni. Hata umeme una tarehe: Ford zilitumia betri ya volti 6, chanya ikiwa imeungwa na bodi, mpaka magari ya 1955, ndipo zikahamia volti 12 mwaka 1956. Anayechanganya hivi vyote kwa sababu kila kimoja kinapendeza anapata gari ambalo halikuwezekana siku yoyote ile.

Lakini Mhifadhi anaanzia kwenye uso wa geji, na ushahidi wake mwenyewe unaelekeza kwingine. Vile vitu vitatu vya Ford ya 1932 havikumwambia dereva presha ya oili wala joto la maji. Kwa mwenye V8 ya kiwandani ya nguvu za farasi 65, hilo lilivumilika. Aliyekuwa ametanua silinda, ameongeza mgandamizo na kufunga kabureta ya pili aliendesha kama kipofu. Na V8 ile ilikuwa na tabia ya kuchemka, kwa sababu valvu zake zimekaa ndani ya bloku, na moshi wa moto hupita kwenye njia zilizomo ndani ya bloku hiyohiyo, zimezungukwa na maji ya kupoozea, kabla haujatoka nje. Kila upande wa injini una pampu yake ya maji, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuwa hatarini huku wa pili ukiwa salama. Ndiyo sababu ya kufunga geji mbili za joto, moja kwa kila kichwa cha silinda, jambo ambalo mtazamaji wa leo huweza kudhani ni pambo. Dashibodi ya zama zile ilikuwa orodha ya hofu za mwenye gari, na hofu hizo zilitoka kwenye injini. Anayenunua seti ya geji tano kwa kuwa zinapangika vizuri kwenye kibao, bila kuuliza injini yake inahitaji kusemewa nini, ameiga sura ya wale vijana na kuiacha akili yao.

Fundi: Mzee wangu, historia nakuachia wewe. Mimi naletewa magari yenye nyaya zilizoungua. Ammita ya zamani inapitisha umeme wote wa gari ndani ya dashibodi, na mtu ameshafunga altaneta. Geji ya volti 6 inawashwa kwa volti 12. Geji ya mafuta inaungwa na sensa ya kampuni nyingine, halafu watu wanashangaa gari kuzimika njiani. Mrija wa oili ya moto unapita juu ya miguu ya dereva. Vijana wale wangekuwa na vifaa vya leo wangevitumia, hawakuwa watu wa makumbusho. Tufunge geji za kisasa tumalize.

Malalamiko ya Fundi ni ya kweli karibu yote, na hayafai kujibiwa kwa mapenzi ya historia. Nianze na ammita. Dainamo ya zama zile ilitoa takriban ampia 30. Altaneta ya leo hutoa 100 au zaidi. Ili ammita ya kale isome, waya mnene lazima uingie ndani, upite nyuma ya geji, urudi nje. Nati moja ikilegea hapo, joto linajengeka mahali ambapo hakuna anayepaona, karibu na magoti ya dereva. Gari lenye altaneta kubwa liondolewe ammita, na voltimita yenye uso wa mtindo uleule ichukue nafasi yake. Gari lililobaki na dainamo na taa zake mbili linaweza kubaki na ammita, kwa maana hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa. Hata hapa, tukitazama vizuri, kinachoamua ni injini na vilivyofungwa juu yake.

Sensa ya mafuta ni mfano mzuri zaidi, maana inaonyesha jinsi geji nzima isiyo na kasoro inavyoweza kuongopa. Ndani ya tangi kuna boya linalopanda na kushuka, na kadiri linavyosogea ndivyo ukinzani wa umeme unavyobadilika. Geji za Stewart-Warner zinazouzwa kama vipuri kwa kawaida husoma omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likiwa limejaa. Sensa za Ford za miaka mingi hutoa omu 73 kwa tangi tupu na 10 kwa lililojaa. Ziunge pamoja uone: tangi limekauka, sensa inatoa 73, na geji, ambayo nusu yake iko karibu na omu 103, inamwonyesha dereva kwamba ana zaidi ya nusu tangi. Dawa yake ni sensa inayolingana na geji. Inakaa tangini isikoonekana, na haigusi hata kidogo sura ambayo Mhifadhi anaitetea. Mambo mengi wanayogombania hawa wawili yako upande wa nyuma wa kibao, na upande huo Fundi apewe uhuru.

Ninapoachana naye ni kwenye hitimisho lake. Kwamba vijana wale wangetumia vifaa vya leo, yawezekana kabisa. Ila hoja hiyo haina breki. Wangetumia pia sindano za mafuta zinazoendeshwa na kompyuta, bodi ya faiba na tairi za waya. Tukiikubali kwa geji tutaikubali kwa kila kipuri, na mwishowe tutakuwa tumeunda gari jipya lenye umbo la kale. Anayeunda gari la 1949 amejifunga mwenyewe kwa mipaka ya 1949, na thamani ya kazi yake inatokana na kufikiri ndani ya mipaka hiyo. Isitoshe, Fundi anavidharau vifaa vya kimakanika kuliko vinavyostahili. Geji ya presha ya oili inafanya kazi kwa mrija aliobuni Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849: mrija bapa uliopindwa, ambao presha ikipanda hujaribu kunyooka na hivyo kuusukuma mshale. Haujui volti wala sensa. Betri ikifa, bado unasema kweli. Geji ya joto ya aina hiyo ina kichupa kidogo cha chuma kilichotiwa etha, kinachokaa ndani ya maji ya injini. Mvuke wa etha husukuma mrija uleule wa Bourdon kupitia mrija mwembamba kama uzi. Unachopaswa kujua ni kwamba mrija huo hauungiki: ukikatika, etha imekwenda, na geji inapelekwa kwa mtaalamu. Kuhusu oili ya moto juu ya miguu, hatari ipo, kwa sababu mrija mgumu wa shaba hupata ufa kwa mtikisiko wa injini. Kipande cha hosi inayonyumbulika, iliyovishwa waya wa chuma uliosukwa, kikifungwa kati ya injini na ukuta wa mbele, kinaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Kuna mahali ambapo Fundi angeweza kumbana Mhifadhi zaidi, naye hakupagusa, napo ni kwenye spidomita. Spidomita za kebo za Marekani zimepimwa kwa mizunguko 1,000 ya kebo kwa kila maili. Kwenye Ford za zama zile kebo ilichukua mzunguko kutoka kwenye shafti, kabla ya difu. Badilisha difu ya uwiano wa 3.78 kwa ile ya 3.54, uache gia ya kebo ilivyokuwa, na spidomita ikionyesha maili 60 kwa saa gari liko kwenye 64. Tairi kubwa zaidi za nyuma, ambazo ni sehemu ya sura ya hotirodi, huongeza kosa hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ted Halibrand alitengeneza difu ambayo gia zake hubadilishwa kwa dakika chache kupitia mfuniko wa nyuma, na kila jozi mpya ya gia huipa spidomita uongo mpya. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kumpa takomita nafasi ya heshima mbele ya usukani, kwa kuwa inasoma injini yenyewe, na kuiacha spidomita iwe ndogo au isiwepo. Kwa gari la barabarani lenye difu moja, gia sahihi ya kebo au kisanduku kidogo cha uwiano kinatosha, na vyote viwili ni vya kimakanika.

Mhifadhi: Basi tukubaliane walau kuhusu geji za ndege. Vita vilipokwisha, jeshi liliuza vifaa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la mafuta la nje la ndege ya kivita akalifanya bodi ya gari la mbio. Watu walifunga viti vya ndege, mikanda ya ndege, geji za ndege. Hakuna kitu cha zama kuliko hicho.

Kihistoria hapingiki, na mimi nazipenda geji hizo kwa jinsi zilivyotengenezwa ili zisomeke kwa jicho moja la haraka. Lakini nyingi za vita vile zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, na radiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Kinachowadanganya watu ni kwamba rangi hiyo haing'ai tena. Kilichochoka ni kemikali iliyokuwa ikitoa nuru. Mionzi yenyewe iko karibu palepale ilipokuwa mwaka 1944. Wanawake waliopaka nyuso za saa kwa rangi hiyo huko New Jersey na Illinois katika miaka ya 1910 na 1920, wakiichonga brashi kwa midomo yao, waliharibika taya na mifupa, na wengi walikufa. Atakayejibu kwamba rangi imefungiwa nyuma ya kioo anasahau mambo mawili. Hotirodi hutikisika, na rangi kuukuu hubanduka ikawa vumbi. Tena geji ya miaka themanini haifungwi bila kufunguliwa kwanza ili isafishwe, na anayeifungua ndiye anayevuta vumbi hilo. Kwa hiyo geji ya ndege ipitishwe kwenye kipima mionzi kabla ya bisibisi kuigusa, na ikionekana ina mionzi isifunguliwe, isikwanguliwe, isifungwe kwenye gari. Ikabidhiwe mamlaka inayohusika na vitu vya mionzi. Hapa mwaka unashindwa, na sioni haja ya kulainisha kauli hiyo. Wale vijana walizifunga bila kujua hatari kwa ukamilifu. Sisi tunajua.

Mjenzi: Ndugu zangu, mnasema kana kwamba kila mtu ana Ford ya chuma ya 1932. Bodi yangu ni ya faiba, injini ni V8 ya Chevrolet ya siku hizi, na mfuko una mwisho. Nimenunua seti ya nakala: uso wa miaka ya 1940, ndani ni kielektroniki, na nyuso zimetiwa umanjano na mikwaruzo kiwandani ili zionekane zimezeeka. Nimekosa nini?

Kwa yale ya ndani, hujakosa kitu. Lazima tutenganishe magari ya aina mbili ambayo Mhifadhi anayachanganya. Mwaka 1997 maonyesho ya magari ya Pebble Beach yalifungua kwa mara ya kwanza kundi la hotirodi za kihistoria, na mshindi akawa gari la Doane Spencer, Ford ya 1932. Gari la aina hiyo ni hati. Geji zilizoonekana kwenye picha zake za enzi ile ndizo zinazopaswa kuwemo, na mikono ya kisasa ikae mbali. Gari la Mjenzi halina picha za kuliumbua. Ni dai kuhusu mtindo, na dai hilo analitimiza kwa kuchagua uso unaolingana na mwaka wake na kiini kinacholingana na injini yake. Injini ya leo inazungumza kwa sensa za umeme, basi geji nayo iwe ya umeme. Mhifadhi angepaswa kumshukuru Mjenzi kwa kununua nakala. Stewart-Warner ilitengeneza geji za malori, matrekta na maboti pia, ndiyo maana bado zinapatikana, lakini haziongezeki. Kila geji halisi inayowekwa kuwa pambo ndani ya gari la faiba ni moja iliyopungua kwa gari la chuma linalosubiri kutengenezwa.

Umanjano ndio kosa lako, Mjenzi, na hapo nasimama na Mhifadhi moja kwa moja. Geji ya 1949, mwaka 1949, ilikuwa mpya. Uso wake ulikuwa mweusi tii, tarakimu zake nyeupe, na mwenyewe alikuwa ametoka kuilipia kwa mshahara wa karakana. Umanjano ni kazi ya miaka sabini iliyofuata, kwa hiyo uso uliozeeshwa kiwandani hauonyeshi 1949 hata kidogo. Unaonyesha leo, na ladha ya leo ya vitu vilivyochakaa. Utasema unalingana na bodi yenye kutu. Basi bodi nayo ijibu swali lilelile, kwa kuwa vijana wale walipaka rangi pindi walipopata fedha ya rangi. Zaidi ya hayo, tarakimu za kahawia juu ya weusi uliofifia hazisomeki jioni, na geji isiyosomeka ni sawa na isiyokuwepo.

Mhifadhi: Bado una deni kwangu. Takomita ya Sun ambayo kisanduku chake kimetolewa betri na kuwekwa bodi ya kielektroniki, bado ni Sun?

Kwangu ni Sun. Betri zake za zebaki zilikuwa vitu vya kuisha na kubadilishwa tangu siku ya kwanza, na sheria ya Marekani ya mwaka 1996 iliziondoa sokoni betri ndogo za oksidi ya zebaki, tena kwa sababu njema. Mshale ni uleule, uso ni uleule, koili inayousogeza mshale ni ileile. Kilichotengenezwa ili kiishe kibadilishwe bila majuto. Kinachofanya kazi na kusema kweli kiachwe, hata pale ambapo cha kisasa kingekuwa rahisi zaidi. Kinachonisumbua ni kubadilisha kimyakimya. Gari litauzwa, na fundi atakayefuata ataona uso wa volti 6, aunge volti 6 kwenye kitu ambacho sasa kinataka 12, au apoteze siku nzima akitafuta kosa ambalo halipo. Karatasi ndani ya gari hupotea. Iandikwe kwa rangi isiyofutika nyuma ya kibao chenyewe: mwaka uliochaguliwa, volti, upande wa betri ulioungwa na bodi, omu za sensa ya tangi, uwiano wa difu ambao spidomita imepimiwa, na kila kilichobadilishwa ndani ya kila geji.

Fundi: Na fyuzi. Iandikwe na fyuzi iko wapi.